Ufa Niliouziba Kabambare

Wanangu mnaojifunza kupamba nyumba pale Kasongo,

Mwalimu wenu, Madamu Faida, ameniomba niwaandikie kurasa chache kabla hamjatumwa stazhi, kufanya mazoezi ya kazi kwenye nyumba za watu. Nilimkatalia mara mbili. Mimi nilifika darasa la sita tu, na hilo la sita lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Niwafundishe nini ninyi mnaochora nyumba nzima kwenye simu? Akaniambia, "Mama Tabu, waandikie ile ya Kabambare." Nikasema, "Ile ni aibu yangu, Madamu." Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

Haya basi. Naandika na kaye yangu, daftari la miaka ile, ikiwa wazi mezani. Sikuwa naandika kaye kwa kuwa najua kuandika. Darasani nilikuwa nasahau, kwa hiyo jioni nikifika nyumbani naweka yote, hata matusi niliyotukanwa. Leo inanifaa kwa jambo lingine. Kichwa cha mtu mzee humpendelea mwenyewe, kaye haimpendelei mtu. Pale ambapo kichwa na kaye vinabishana, nitawaambia.

Kwanza mjue mikono yangu ilitoka wapi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa njia ya Nyangwe. Kwetu mwanamke ndiye anayekandika nyumba: udongo mwekundu chini, mweupe juu, mweusi kuzunguka dirisha. Mama yangu alikuwa akipitisha kiganja ukutani kama mtu anayempaka mtoto mafuta, na akikuta ufa anauziba pale pale, hata kama ukuta si wake. Siku moja nikamuuliza kwa nini tunaziba nyumba ya jirani. Akanipiga kofi la mkononi: "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Methali hiyo mnaijua wote. Mimi niliijua kwa vidole kabla ya kuijua kwa masikio. Ikumbukeni, maana ndiyo iliyoniangusha.

Niliolewa Kasongo, nikaacha udongo, nikashika rangi za duka. Nilipaka vyumba, nikashona rido, mapazia ya madirisha, nikapanga viti vya watu siku za harusi. Kazi haikukosekana. Halafu maofisi yakaanza kuuliza, "Breve iko wapi?" Mtu anatazama ukuta wangu, anasema mzuri, halafu kazi anampa mwenye karatasi hiyo ya shule. Ndiyo maana, nikiwa karibu na miaka hamsini, nikaenda kukaa kwenye benchi na watoto kujifunza mapambo ya ndani kwa miaka miwili. Kwangu ikawa mitatu. Nitafika huko.

Benchi moja nilikaa na Riziki, binti wa mjini, wa familia ya Waislamu wenye duka karibu na soko. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Akishika kalamu, mkono wake ulikuwa kama unakumbuka nyumba, si kama unaichora. Na ulimi wake ulikuwa mkali vilevile. Mimi somo la eshel liliniua. Eshel ni ule upunguzaji wa nyumba ili iingie kwenye karatasi: sentimita moja ya karatasi ni nusu metre ya ukuta. Siku ya kwanza nilichora mlango wa sentimita sita. Riziki akainama juu ya karatasi yangu.

"Mama Tabu, mlango huu ni wa watu ao wa kamyo?"

Mlango wa metre tatu, lori linapita! Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nikamwambia, "Ni wa ulimi wako, mwanangu. Upite bila kujikwaa."

Urafiki wetu ulianzia hapo. Yeye akanifundisha eshel, mimi nikamfundisha kuchanganya chokaa na udongo mwekundu mpaka rangi isiache vumbi kwenye mgongo wa shati. Kila mmoja alifikiri amempa mwenzake kilicho kidogo.

Madamu Faida alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, naye alikuwa amesomea Bukavu. Nilitegemea atatufundisha mambo ya magazeti yenye picha. Somo lake la kwanza lilikuwa kukaa. "Kabla hamujachora, mukae. Kila kiti ambacho mutu atakalia, ninyi mukikalie kwanza." Alitupeleka kwenye salo, sebule ya mtu, tukahama kiti hadi kiti asubuhi nzima kama wagonjwa wanaongoja zamu, yeye akiuliza: "Mwenye kupita na sinia atapita wapi? Mgeni wa hapa anaona nini? Anaona mpaka jikoni? Basi umemvua nguo mama mwenye nyumba." Nimefanya kazi miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kupata somo lililo kubwa kuliko lile. Rangi utasahihisha, rido utashona upya. Kiti ambacho hukukikalia, atakayekikalia atakulaani na wewe hutajua.

Somo lingine alilotupa siku moja, kwa dakika chache tu, lilikuwa la shahidi. Ukuta ukiwa na ufa, alisema, swali si ufa ni mkubwa kiasi gani. Swali ni kama bado unatembea. Ufa mkubwa unaweza kuwa umelala miaka ishirini, na ufa wa unywele ukawa ndiyo kwanza umeamka. Kwa hiyo unakwangua rangi na udongo mpaka ufike kwenye tofali lenyewe, pande mbili za ufa. Unapaka ukanda mwembamba wa platre, ile plasta nyeupe ya unga, urefu wa kidole, kuvuka ufa kama daraja. Unaandika siku juu yake, halafu unaondoka. Platre haivumilii kuvutwa. Ukuta ukisogea hata unene wa karatasi, ukanda unakatika. Mafundi wanauita shahidi. "Na shahidi," Madamu akasema, "hamumuwekei maneno mudomoni."

Niliandika yote kwenye kaye. Nilipigia mstari. Ona faida ya kupigia mstari.

Mwisho wa mwaka wa pili tulitumwa stazhi wawili wawili. Mimi na Riziki tulipewa nyumba ya Bwana Salumu, mwenye duka Kabambare, aliyekuwa akimwoza binti yake Zaina. Tulipewa majuma mawili tutengeneze salo. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Jumamosi yake Madamu Faida angekuja kwa pikipiki kukagua kazi na kuweka sahihi. Asipoweka sahihi, hakuna breve. Kwa Riziki hiyo haikuwa karatasi tu. Fundi mmoja wa viti na meza kule Kindu alikuwa amemwahidi nafasi ya kuchora, akileta breve kabla ya mwezi kwisha. Kwao walikuwa tayari wameanza kumtafutia mume, na yeye alikuwa ameomba wangoje kwa sababu ya nafasi hiyo.

Bwana Salumu alikuwa mtu mrefu anayeweza kufurahi na kukasirika kabla hajamaliza sentensi moja. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, bati juu. Mbele kuna salo kubwa, na katikati ukuta unaotenga salo na vyumba vya ndani. Ukuta huo ndio ulibeba miti ya bati. Ulikuwa na mlango wa mbao wenye pazia, wanawake wakipita hapo. Siku ya ndoa wanaume na shehe wangekaa barazani, na wanawake wa ukoo wote wangekaa salo juu ya mikeka, mgongo kwenye ukuta ule, kumzunguka Zaina.

Siku ya kwanza, Riziki alipokuwa akipima, mimi nilipitisha kiganja. Juu ya mlango vidole vikakuta ufa, mwembamba, ukipanda kwa mshazari kuelekea kwenye bati. Mtu wa kwetu anafanya nini? Nililowesha udongo kidogo kwenye kopo, nikauziba, nikalainisha kwa kidole gumba. Sikumwambia mtu, kama vile huwezi kumwambia mtu kwamba umejikuna. Jioni niliandika kwenye kaye: "Ukuta wa kati safi." Neno hilo nimelitazama mara nyingi. Siwezi kusema niliongopa. Ulikuwa safi kwa sababu mimi niliusafisha.

Siku ya tatu Riziki akamwonyesha Bwana Salumu mchoro. Kando ya mlango alikuwa amechora kishubaka, kile kishimo cha ukutani ambamo wazee wa mji walikuwa wakiweka taa na vikombe. Chake kilikuwa kikubwa, metre nzima na zaidi, kina cha nusu ya unene wa ukuta, na tao juu. Bwana Salumu aliishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Koko yangu alikuwa nacho! Nyumba yake ya zamani ilikuwa nacho kabisa! Nani amekwambia?"

"Hakuna, Baba. Nimekikisia."

Mzee akageuka kando kujifuta macho kwa kumkumbuka babu yake. Riziki akanitazama. "Mama Tabu, wewe ndiye unajua kuta. Ukuta utakubali?"

Nikagonga mara tatu kwa ngumi. Sauti ilikuwa nzito, nzuri. Nikasema, "Utakubali."

Kwa haki ya Riziki, nataka ibaki imeandikwa: aliuliza. Na kwa haki yangu mimi, kama ninayo, ule ufa haukunijia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimeuziba. Kwetu kilichozibwa kimekwisha.

Tulikata kishubaka, tukakilainisha, Jumatatu rangi ya mwisho ikawa imekauka. Chini tulipiga mkanda wa rangi ya udongo mpaka usawa wa goti, ili matope ya miguu ya watoto yasionekane. Juu chokaa yenye wekundu wa mbali. Vikombe vya Mama Zaina vikapangwa ndani ya kishubaka, na saa kubwa ya ukutani ikatundikwa juu ya mlango. Dada yake Bwana Salumu, Bibi Mwamini, mwanamke mzito mwenye utani, akaja kukagua, akachagua mahali pake mapema.

"Mimi nitakaa hapa, chini ya vikombe. Watu wafikiri na mimi nimenunuliwa pamoja navyo."

Jumanne asubuhi nilimkuta Zaina akivuta mlango kwa mikono miwili. Ulikuwa unakwaruza juu, kwenye fremu. Jana ulikuwa haukwaruzi. Nikainua macho. Kutoka kwenye kona ya mlango, kupita chini ya saa, ufa ulikuwa umetoka juu ya rangi mpya. Na kutoka kwenye tao la kishubaka mwingine mdogo ulikuwa umeanza kupanda kwenda kukutana nao.

Nilimwita Riziki kando, nikamwambia yote. Alinisikiliza, na sitasema kwamba alijibu kipumbavu, maana alijibu vizuri kuliko mimi.

"Wewe uliziba na udongo mbichi. Udongo ukikauka unapasuka. Ule ni udongo wako, Mama, haiko ukuta."

"Na mlango?"

"Mbao imekunywa maji ya rangi."

Inawezekana. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ningeuacha ule ufa wazi siku ya kwanza, sasa tungekuwa tunajua: ulikuwa umeishia hapa, leo umefika pale. Tungekuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimemziba mdomo shahidi wa kwanza, na sasa kila mtu angeweza kumsemea anavyotaka. Riziki angeweza kusema ni udongo, mimi ningeweza kusema ni ukuta, na sote wawili tungekuwa sawa.

Jumatano alfajiri, kabla wanawake hawajaanza kuingia, nilipanda juu ya kiti. Nikakwangua mpaka kwenye tofali, nikapaka ukanda wa platre kuvuka ufa, nikaandika kwa msumari: *Jumatano*. *J* ikatoka kama ndoano. Nilivuta upindo wa pazia ufunike. Siku nzima niliogopa hata kulitazama pazia lile. Kaye ya siku ile ina mstari mmoja tu: "Mungu, iwe ni udongo."

Alhamisi nilifunua. Shahidi alikuwa amekatika. Mstari ulikuwa mwembamba kuliko uzi, umepita katikati ya neno, *Juma* upande huu na *tano* upande ule.

Riziki alisimama chini ya kiti akiniangalia usoni. Hakuhitaji kuuliza.

"Pengine platre ilikuwa na maji mengi," akasema.

"Pengine."

"Ni kesho tu, Mama. Siku moja. Jumamosi Madamu ataweka sahihi, tutamwambia Baba Salumu polepole, tutatengeneza. Ukuta umesimama tangu yeye ni mutoto, utashindwa siku moja?"

"Na ukishindwa?"

Akaanza kulia, kwa hasira. "Wewe hata bila breve uko na kazi yako. Watu wanakujua. Mimi niko na nini? Niko na mwezi huu tu."

Alisema kweli. Nataka mjue kwamba alisema kweli, kwa sababu watu wakisikia habari hii humfanya Riziki kuwa mtu mbaya na mimi mtu mwema. Mimi pia niliitaka ile sahihi. Nilikuwa nimekula aibu miaka miwili kwenye benchi lile. Kwa muda wa kama saa nzima tulikuwa tumekubaliana kunyamaza. Kichwa changu kinasema zilikuwa dakika chache. Kaye inasema saa nzima.

Kilichonigeuza si wema. Wanawake walikuwa wametandika mikeka. Nilikuwa nimechoka, nikakaa. Nilikaa pale pale Bibi Mwamini alipojichagulia, chini ya vikombe, mgongo ukutani, na ndipo nikakumbuka kwamba sehemu hiyo hatukuwahi kuikalia. Viti vyote vya baraza tulivikalia. Mikeka tuliipima kwa metre tu. Nikajiambia, haya, Tabu, kaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, halafu unyamaze kama unavyotaka.

Nilishindwa. Saa ilikuwa ikigonga juu ya kichwa changu na shingo yangu ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayengoja kupigwa. Sikufika hata nusu kikombe. Nikainuka, nikaenda dukani bila viatu.

Bwana Salumu alikuwa anauza, watu wamejaa. Nikamwambia mbele yao, kwa sababu niliogopa nikingoja nitarudi.

"Bwana Salumu, watu wasikae salo kesho. Ukuta wa kati unatembea."

"Unatembea?"

"Ndiyo."

"Basi uambie ufike hapa dukani, ununue sabuni."

Wateja wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Unaniambia ukuta wa baba yangu utaanguka kesho?"

"Sijui."

"Unajua ao haujui?"

"Sijui kama utaanguka. Ninajua umesogea tangu jana. Na ufa ulikuwako tangu siku ya kwanza. Mimi niliuziba, sikusema."

Hapo hakucheka mtu. Nusura afunge duka na wateja ndani yake, wakatoka mbio nyuma yake. Alipanda kile kiti, akatazama *Juma* na *tano*, akashuka. Yaliyofuata kaye imeyaandika yote. Hapa nitaandika kwamba alinitukana mimi, akaitukana shule, akawatukana watu wote wanaozaliwa njia ya Nyangwe, na kwamba nusu yake ilikuwa haki. Alikuwa na wageni njiani kutoka Kasongo na mke anayelia. Alisema platre si nabii. Alisema wanawake watakaa salo, na atakayeogopa akae nje na mbuzi.

Ni Bibi Mwamini aliyetoka ndani na mkeka wake kwapani.

"Mimi nitakaa na mbuzi."

"Dada, ni maneno ya mafundi tu."

"Wewe ndugu yangu. Nimesikia ukuta uko na shahidi. Kitu kikishakuwa na shahidi ni kesi, na mimi sikai mu kesi ya mtu nikiwa nimevaa kitenge kipya."

Akaenda kuutandika uani. Wengine wakamfuata na mikeka yao, mmoja mmoja. Mchana ule vijana walifunga bashi kubwa, turubai la plastiki, juu ya ua, na mafundi wawili wakaleta miti minne minene ya kushikilia ukuta, miwili kila upande. Riziki aliwaonyesha pa kuiweka, mgongo amenigeuzia mimi.

Ijumaa Zaina aliolewa chini ya bashi. Jua lilikuwa kali, plastiki ilinuka, Bibi Mwamini alicheza mpaka mkeka ukachanika. Mimi nilikaa mahali ninapoona mlango wa salo. Watu walikuwa wakienda dirishani kuchungulia, wakiona chumba kizuri kuliko vyote Kabambare kiko kitupu, na vikombe vinang'aa, halafu wanageuka kunitazama. Saa nane, ukuta umesimama. Saa tisa, umesimama. Mtaniona mbaya, lakini niliwaahidi kusema kweli: kufikia saa kumi kuna sehemu yangu iliyokuwa inauomba uanguke. Watoto walikuwa tayari wamenipa jina, Mama Ukuta-Unatembea. Nilirudi nalo mpaka Kasongo.

Madamu Faida alifika Jumamosi, matope mpaka magotini. Alikagua, akasoma ripoti zetu mbili. Yangu ilisema nani aliziba ufa na jioni yake akaandika 'safi', nani aligonga na kusema utakubali, na nani alikuwa ameuliza. Akaweka sahihi kwenye ya Riziki. Yangu akanirudishia.

"Utarudia, Mama Tabu."

"Kwa sababu ya kishubaka?"

"Kwa sababu ya 'safi'."

Nikarudia mwaka, stazhi Nyangwe, nyumba nyingine. Breve ninayo, imetundikwa hapa mbele yangu, imeliwa pembeni na mende. Riziki alienda Kindu. Kwa miaka miwili hakunisalimu. Halafu siku moja akanitumia picha kwenye simu: ukuta mbichi, ufa, na ukanda wa platre umeandikwa siku kwa mwandiko wake mzuri. Chini ameandika, "Mama, ningoje siku ngapi?" Nikamjibu, mpaka mwenye ukuta achoke kukutukana, halafu ongeza mbili.

Kwa hiyo mkiingia kwenye nyumba ya mtu, pitisheni kiganja, sawa. Mkikuta ufa, mikono chini. Pimeni unapoishia, tieni alama ya kalamu, andikeni, mwiteni mwenye nyumba aone kwa macho yake. Kuziba kutakuja. Methali ya mama yangu bado ni kweli, lakini yeye alikuwa akiziba nyumba za watu aliowajua, na alikuwa akipita tena kesho yake.

Nimebakiza jambo moja. Sijui kama linanisaidia ao linanishitaki.

Jumamosi ile ile, mchana, mafundi wale wa miti, kwa ushauri wa Madamu, walikuwa wamekuja kuubomoa ukuta pole pole, tofali kwa tofali. Bwana Salumu akawazuia. Akasema hatabomoa ukuta wa baba yake kwa ajili ya ukanda wa platre. Kwanza waondoe miti, sote tuone. Madamu Faida akakubali, mradi nyumba iwe tupu na miti ivutwe kwa kamba kutoka nje. Ikavutwa. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Tulisimama uani chini ya bashi, watu kama kumi na watano. Vumbi kidogo lilimwagika juu ya mlango, kama mtu amepukusa unga kidoleni. Basi. Ukuta ukasimama.

Tukangoja. Hakuna kitu.

Bwana Salumu akanigeukia, na akawageukia watu, mikono ameitandaza.

"Mama Tabu! Shahidi wako ameogopa mahakama!"

Wakacheka, na mimi nilistahili kuchekwa. Mpaka leo sijui kama ukuta ule ungeanguka Ijumaa. Pengine ungesimama miaka ishirini. Pengine niliiharibu ndoa ya mtoto wa watu bure. Lakini kinywa kikafunguka chenyewe, tena kwa hasira, si kwa hekima.

"Nimeshindwa, Bwana Salumu. Basi ingia ulete saa yako, iko juu ya mlango."

Akasema, "Mara moja."

Akatembea mpaka kizingitini. Akaweka mguu mmoja ndani. Kutoka tulipokuwa tulimwona akiinua kichwa, polepole, kutazama juu. Kicheko kilikuwa kimekatika. Tuliisikia saa ikigonga mle ndani ya chumba kile kizuri, na tulimwona Bwana Salumu amesimama hivyo, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mpaka mwishowe akaurudisha ule wa ndani, akakaa kwenye mkeka wa dada yake, akawaambia mafundi waanze kubomoa, kutoka juu.